Ukurasa wa Tarehe Kumi na Nne Oktoba

Rågsved, 24 Agosti 2025

Kwako shemeji Sami,

Usishtuke kupata barua ya karatasi kama enzi za wazazi wetu. Namba yako haipatikani, na kwenye kundi la kanisa ulijitoa siku ile ile ya mazishi. Anwani nimepewa na mama yako, Mama Gaudiose, baada ya misa pale Flemingsberg. Aliiandika nyuma ya bahasha ya sadaka akaniambia, "Usimugombeze, ule mutoto hakuli tena." Sikuja kukugombeza. Paskali alikuita mdogo wake ingawa hamkuzaliwa pamoja, na kwangu wewe ni shemeji vile vile.

Sisi wazima. Liam ametimiza minne, yuko dagis, chekechea ya hapa mtaani, anacheza na wenzake siku nzima. Kiswahili anakielewa, lakini akijibu ni Kiswidi kitupu. Mimi bado naenda darasa la lugha. Unajua mimi ni mtu wa darasa la saba, ila mwalimu anasema nitafika, na mimi namwamini.

Shemeji, nina swali moja tu, halafu nikuache. Mwezi wa kumi unatimia mwaka tangu Paskali wangu afe kwa moyo pale kwenye benchi la uwanja wa besiboli, Skarpnäck. Siku ya mazishi ulisimama mbele ya watu ukasema, "Nilikwenda kumchukua saa kumi kama nilivyoandikiwa. Hakuwepo. Geti limefungwa." Watu wakaguna. Maana mzee wa klabu alimpa ufunguo saa saba ili azifungue na kuzikunja nyavu, msimu umekwisha, na polisi walisema yule mama mwenye mbwa alimkuta saa kumi na mbili. Wakasema umedanganya. Ulisahau kwenda, ukatunga.

Mimi peke yangu nilikuamini, na kukuamini ndiko kunakonimaliza. Kama ulifika saa kumi na hakuwepo, mume wangu alikuwa wapi? Alikuwa na nani? Veneranda wa kwaya aliniambia, huku ananishika bega kwa huruma, "Dada, mwanamume hafungi geti bure." Tangu hapo saa hiyo inatembea humu ndani kama mtu. Nikiosha vyombo iko nyuma yangu. Nikilala iko upande wake wa kitanda.

Niambie ulichokiona. Hata kama ni kibaya.

Shemeji yako,
Flaviana (Mama Liam)


Luleå, 7 Septemba 2025

Shemeji Flaviana,

Samahani kwa Kiswahili yangu. Ni ya jikoni kwa mama, kuandika sikufundishwa.

Nilisema kweli. Nilifika saa kumi, tena kabla, dakika tano. Geti lilikuwa na mnyororo. Niliangalia kwa uzio, nikangoja dakika ishirini. Sikukupigia, nilidhani uko darasani, na simu ya Paskali ilikuwa kwa fundi. Nikafikiri mmebadilisha mpango. Nikaenda kazi.

Alikuwa wapi, mimi sijui. Kama alipewa ufunguo saa saba, labda alitoka kununua kitu, halafu akarudi nyuma yangu. Alikutwa saa kumi na mbili. Hiyo ndiyo naona kila siku. Saa mbili tu, shemeji. Ningengoja saa mbili, ningekuwa naye. Lakini mimi nilikuwa na haraka.

Usiniandikie tena, tafadhali. Si kwa ubaya. Hapa napakia mizigo, hakuna mtu anaongea Kiswahili, ni muzuri hivyo.

Sami


Rågsved, 13 Septemba 2025

Shemeji,

Umesema nisiandike, na mimi naandika. Nikemee ukiniona.

Unalikumbuka daftari lake? Lile kubwa la jalada gumu, alilokuwa akija nalo mpaka mazoezini, mnamcheka mnamwita karani. Kila ukurasa ni siku moja ya mwaka, na katika siku hiyo ameandika mambo yaliyotokea kwenye besiboli ya wale wanaolipwa, Marekani na Japani. Aliyeanza kumtia ugonjwa huo ni mwalimu wa Kijapani aliyewafundisha sekondari Dar. Wenzake wanapiga mpira wa miguu, yeye na gongo lake la besiboli. Basi asubuhi tukinywa chai alikuwa anamsomea Liam, "Siku kama ya leo, bwana mkubwa..." Mtoto ana miezi mitano, anasomewa habari za watu waliokimbia miaka mia iliyopita! Mimi nilikuwa nasema, "Msomee basi na bei ya vitunguu, ikamsaidie." Anacheka.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Tangu afe, daftari hilo asubuhi nalikuta limefunguliwa kwenye tarehe ya leo. Nikilifunga usiku, asubuhi liko wazi. Si jana, si kesho. Leo. Nililipandisha juu ya kabati nikaweka sufuria juu yake. Asubuhi sufuria iko pembeni, daftari liko wazi. Nimemuuliza Liam, anasema ni "pappa", baba yake. Sijaita padri, maana nikimwita atamwondoa, na mimi sijui kama nataka aondoke.

Ukurasa wa tarehe 14 Oktoba nimeubana kwa vibanio viwili vya nguo. Siku aliyokufa siwezi kuisoma kwa mwandiko wake.

Sasa nisaidie. Nieleze dakika zako ishirini zote, hata upuuzi. Ulisimama wapi, nani alipita? Kulikuwa na gari? Kulikuwa na mwanamke? Usinifiche, mimi si yai.

Flaviana


Luleå, 21 Septemba 2025

Shemeji,

Hakuna gari. Hakuna mwanamke. Nisikilize, nakuambia yote, halafu tumalize.

Nilisimama kwa geti. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa upande wa kivuli, baridi ya usiku ilikuwa haijayeyuka. Kahawa yangu ilikuwa ndani ya kikombe cha karatasi. Watoto wa dagis walipita kwenda msituni, kama kumi na tano, wawili wawili, wanashika kamba, wamevaa vile visibao vya njano. Mmoja alinipungia mkono. Nikamfanyia sura ya nyani, wote wakacheka, mwalimu wao pia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilicheka bila kufikiri.

Benchi lilikuwa tupu. Niliona vizuri, nakuapia kwa mama yangu. Lakini siku hizi nikiota, niko kwa geti lile, na najua kwa benchi mtu amekaa. Anakohoa kidogo. Na mimi shingo haigeuki.

Ni hivyo tu.

Sami


Rågsved, 24 Septemba 2025

Sami! Shemeji yangu!

Barua yako nimeifungulia mlangoni pa dagis ya Liam, nikimngoja avae viatu. Nimeisoma nimesimama, nikakaa chini kwenye vile viti vyao vidogo.

Watoto wa dagis wanaenda msituni na kamba ASUBUHI. Wakishakula matunda wanatoka, na kabla ya chakula cha mchana wamesharudi. Mimi ni mama, hilo silikosei. Saa kumi hawaendi msituni, saa kumi ndiyo sisi wazazi tunakuja kuwachukua, wana usingizi na tope. Tena nyasi nyeupe! Baridi gani inakaa kwenye nyasi mpaka jioni, na siku ile jua liliwaka?

Shemeji, saa kumi yako ni ipi?

Mama yako hakukufundisha? Sisi tunahesabu tangu jua linapotoka. Saa moja ni jua limetoka, saa sita ni mchana katikati. Saa kumi ni ile ambayo huku wanaiita kumi na sita. Hata huo ufunguo wa saa saba, ni mchana baada ya chakula. Na saa kumi na mbili aliyokutwa ni jioni, giza linaingia. Siyo saa mbili baada yako. Wewe ulifika asubuhi, ukaondoka asubuhi.

Na asubuhi hiyo alikuwa hapa. Liam alikuwa na mafua, sikwenda darasani. Paskali amekaa sakafuni anamchana Liam nywele, Liam anapiga kelele kama anachinjwa, na mimi nawacheka wote wawili. Mwaka mzima naionea wivu saa hiyo, kumbe ilikuwa yangu.

Nimelia mpaka mwalimu wa dagis akaniletea maji. Nikamwambia kwa Kiswidi changu kibovu, ni furaha. Hakuamini.

Hukudanganya. Nenda ukale.

Flaviana


Luleå, 5 Oktoba 2025

Shemeji,

Nilimpigia mama. Nikamuuliza, "Mama, saa kumi ni saa ngapi?" Akasema, "We mutoto, unalewa?" Nikamwelezea. Halafu akapiga kelele, "Yesu wangu! Batu banakuita muongo mwaka muzima juu ya saa!" Akaanza kulia, akamwita baba, na baba Baudouin akaja kwa simu akasema tu, "Ni kosa letu." Kwetu nyumbani saa tulikuwa tunasema kwa Kiswidi, klockan hivi, klockan vile. Mimi nilidhani saa ni klockan, basi. Nimezaliwa Huddinge, nani angeniambia kwamba siku ina milango miwili?

Wewe unasema nenda ukale. Nimejaribu. Lakini fikiria, shemeji. Zamani kosa langu lilikuwa la saa mbili. Sasa najua alikaa pale jioni, kifua kinamuuma, anaangalia barabara, na mimi niko ndani ya ghala napakia masanduku, nasikiliza muziki. Alifikiri nimemsahau. Amekufa anafikiri nimemsahau. Hiyo si bora kuliko ya kwanza.

Usiwaambie watu. Wataniita mjinga. Mwongo nimeshazoea.

Sami


Rågsved, 15 Oktoba 2025

Mpendwa shemeji yangu,

Nimewaambia. Kasirika kwanza, halafu usome.

Jana asubuhi niliamka kabla ya taa za barabarani kuzimika. Nikasikia kiti kinakokotwa jikoni. Nikanyata. Nikamkuta Liam amepanda juu ya kiti, ameishusha sufuria, ameshika daftari, ulimi nje, anang'oa vibanio vyangu. Kumbe ni yeye! Anafungua ukurasa mmoja kila siku, kama alivyomwona baba yake. Nikavuta pumzi, nikamwambia, mwanangu, kwa hiyo ni wewe unayefungua. Akanijibu kwa Kiswidi, akiwa na haraka zake, "Namsaidia pappa. Mikono yake ina baridi."

Nilikaa na hilo neno. Halafu, kwa kuwa ukurasa ulikuwa wazi, nikausoma.

Nakunakilia, maana ni mkono wake:

"14 Oktoba. Kwetu ni siku ya kumkumbuka Mwalimu. Kwenye besiboli:

1976. New York na Kansas City wako sawa, raundi ya mwisho. Jamaa wa New York anapiga mpira unatoka nje ya uwanja. Imekwisha! Lakini ni lazima azunguke vituo vyote, aguse kibao cha nyumbani. Mashabiki wamemwagika uwanjani, anapigana nao kama ng'ombe, hafiki, anakimbilia ndani. Baadaye anarudi na polisi aguse nyumbani. Kibao kimeshang'olewa, watu wamekiiba. Akagusa mahali kilipokuwa.

1992. Atlanta. Jamaa mzito, magoti mabovu, anakimbilia kibao cha nyumbani. Kila mtu anajua hatafika. Kafika.

2003. Chicago, wanaongoza tatu kwa sifuri, wamebakiza kidogo tu waende fainali. Mpira unaangukia ukingoni, mtazamaji mmoja ananyoosha mkono kuudaka, kama ambavyo ungenyoosha wewe. Mchezaji wao anaukosa. Uwanja mzima ukamgeukia yule mtu, wakamtoa na walinzi, akajificha miaka. HAWASEMI kwamba baada ya hapo mchezaji wao mwenyewe aliangusha mpira mwepesi, mpira wa mtoto. 2017 timu ikampa yule mtazamaji pete ya ubingwa."

Hapo kwenye herufi kubwa, Sami, niliacha kusoma. Kwa sababu mpira mwepesi niliuangusha mimi.

Ile Jumapili jioni nilikuwa nakanda unga wa maandazi. Paskali akaniambia, "Mwandikie Sami anichukue kesho, mizigo ya nyavu sitaiweza, kifua kinanibana." Halafu akasema, na sasa maneno hayo nayasikia kila siku, "Andika kwa namba, kumi na sita. Hawa waliozaliwa huku saa zetu hawazijui." Nikamjibu, "Wewe ndiye unayewaharibu. Azoee Kiswahili." Nikafuta kidole kimoja unga, nikaandika kwa maneno: saa kumi. Najivunia. Mimi darasa la saba namfundisha mtu lugha!

Nilisahau kabisa maneno hayo mpaka nilipokaa kwenye kile kiti kidogo cha dagis. Nilipokuandikia ile barua ya furaha nilikuwa nimeshakumbuka. Nikakuuliza mama yako hakukufundisha, kana kwamba kosa ni la kwenu. Ukalibeba. Mpaka baba yako akalibeba. Na mimi nikanyamaza, nikakuambia nenda ukale.

Basi ibada ya mwaka ilikuwa jana jioni ukumbini, Flemingsberg. Mzee Anselmo akaongoza, akamtaja Mwalimu, akamtaja Paskali, akauliza kama familia ina neno. Nikasimama na simu yangu. Nikausoma ujumbe ule kama ulivyo: "Sami mchukue Paskali kesho uwanjani saa kumi usisahau jamani." Nikawaambia, Sami alikwenda. Alikwenda kwa saa aliyoijua. Mume wangu aliniambia niandike namba, nikakataa. Mwenye kosa akitafutwa, amesimama hapa na mtoto wake.

Kisha Veneranda akasema polepole, "Jamani, na mimi daktari wa meno si nilimkosa hivyo hivyo?" Protais, yule Mrundi fundi wa lifti, akasema yeye alikwenda usaili wa kazi jioni, akakuta mlinzi. Mkenya mmoja akasema kwao wakiongea Kiingereza wanasema nne, wakigeuza Kiswahili wanasema kumi, na hawajawahi kukosana. Akaambiwa nyamaza, wewe Mkenya huwahi kukosana na nani? Watu wakacheka katikati ya msiba, halafu wakaona haya, halafu wakalia. Mama yako akaja mbele, akanikumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka. Hakusema kitu. Ningependa aseme.

Veneranda akaniomba radhi kwa maneno ya geti. Nikamsamehe. Mimi mwenyewe naomba kwako, na sijui naombaje. Nimekuacha uitwe mwongo mwaka mzima, na wiki tatu hizi nimekuacha ujiite muuaji.

Ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa.

Flaviana


Rågsved, 25 Oktoba 2025
kwenye ngazi

Shemeji,

Nilikasirika. Siku nne. Nilitembea mtoni na barua yako mfukoni na nikasema maneno mabaya kwa Kiswidi, ambacho ni lugha nzuri kwa hayo. Siku ya tano nikaenda kununua tikiti ya treni.

Sikuja kwako kwanza. Nilikwenda Skarpnäck. Nilitaka kukaa pale kwa benchi wakati ule, wakati wa kweli. Geti lilikuwa wazi, nikakaa. Baridi inapanda kwa mbao mpaka ndani ya mifupa. Nikakohoa, na nikaogopa sauti yangu.

Halafu akaja mama mmoja na mbwa wa kahawia. Akasimama mbali, akaniangalia kama ananijua. Akaniuliza kwa Kiswidi, "Wewe ni ndugu yake?" Shemeji, ni yeye. Anaitwa Felicia. Kila siku anapita hapo. Polisi walimuuliza dakika tano tu, mwaka huo, na tangu hapo hakuna mtu alimuuliza kitu. Akasema alitaka kuja kukuona, hakujua unakaa wapi, na aliogopa kwamba hamtaelewana.

Yeye alimwona mara mbili. Hiyo hatukuijua. Polisi waliandika ile ya pili tu.

Mara ya kwanza jua lilikuwa bado juu ya miti. Paskali alikuwa amemaliza nyavu, amezikunja vizuri, amekaa. Mbwa alikwenda kwake, ana tabia hiyo. Paskali akatoa mpira ndani ya mfuko akamrushia. Mara tatu. Felicia anasema hajaona mtu anarusha hivyo, mpira ulikwenda kama unavutwa na uzi. Mara ya tatu akashika bega lake akacheka, akamwambia mbwa, "Inatosha, mzee." Kwa Kiswahili lazima, kwa sababu Felicia aliniigizia sauti tu na hakujua maana. Mimi nilijua.

Akamuuliza, "Unangoja mtu?" Paskali akajibu kwa Kiswidi, "Namngoja mdogo wangu. Atachelewa, lakini anakuja."

Hakuwa na hasira, anasema. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi. Felicia akaenda msituni na mbwa, na aliporudi giza linaingia, alidhani amelala. Mbwa ndiye alijua.

Nilikuwa nafikiri alikufa anasema nimemsahau. Wewe ulikuwa unafikiri alikuwa kwa mwanamke. Yeye alikuwa anacheza na mbwa.

Nakuandikia hii kwa mkono kwa sababu nikianza kuiongea mbele yako sitafika mwisho. Nimekaa kwa ngazi ya nyumba yenu, ghorofa ya pili, karatasi iko juu ya goti. Jirani yako Mzee Amir amepita na mifuko yake, ameniuliza namtafuta nani. Nimemwambia shemeji yangu. Amesema, "Piga hodi basi, yuko, nanusa vitunguu." Nanusa na mimi. Namsikia Liam pia, anagombana na wewe juu ya soksi, kwa Kiswidi, na wewe unajibu kwa Kiswahili, na hakuna anayeshinda.

Shemeji, ule ujumbe uliandika ukitaka nipate lugha. Nimeipata. Nimeilipia ghali, tumeilipa wote, lakini nimeipata, na nikiwa na mtoto nitampa. Hilo ndilo jibu langu. Sina lingine, na sitaki uniombe tena.

Sasa naikunja barua, naipitisha kwa tundu la mlango wako. Usikimbilie kufungua. Soma mpaka hapa, lia kama unataka kulia, mpe Liam soksi zake. Mimi sina haraka. Nimekaa hapa hapa.

Mdogo wake Paskali,
Sami